Joho Lisilo na Shingo

Jumapili, 3 Machi

Tumehamia juu. Kusema kweli hatukuhama, tumepanda ngazi tu. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili na cherehani yangu, yeye ghorofa ya tatu na kodiani yake, na karibu mwaka mzima tulisikilizana kupitia dari kabla ya kujuana sura. Nikikanyaga cherehani, anapiga. Nikisimama kutunga uzi, ananyamaza. Nilidhani ni sadfa. Halafu siku moja tukapishana kwenye ngazi, mimi na mtoto mgongoni, yeye na sanduku lake kifuani kama aliyebeba mgonjwa, akaniambia bila hata salamu, "Jana ulikosea. Uzi ulikatika katikati ya mshono."

Nikamjibu, "Na wewe ukakosea baada yangu."

Akacheka. Majirani walisema hawajawahi kumsikia akicheka.

Juzi tumefunga ndoa. Mashahidi walikuwa dada yangu, na mpiga ngoma wa bendi, ambaye ndiye rafiki pekee mume wangu aliye naye duniani. Dada ana mimba ya miezi sita na mdomo wa miaka mia. Alinivuta pembeni: "Mwanamuziki, mdogo wangu? Mchele ukiisha utapika wimbo." Nikamwambia huyu anampenda Kifaranga. Kifaranga ni binti yangu, ana miezi minane. Baba yake aliaga kwenda kutafuta kazi. Nadhani bado anaitafuta.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu nimefurahi na mchana sina wa kumwambia.

Jumatano, 6 Machi

Kodiani ni nzito kuliko nilivyofikiri. Inakaa kifuani, mikanda miwili mabegani, na mikono yote miwili ina kazi: mmoja kwenye vitufe, mwingine unavuta na kusukuma mvukuto. Kuna mkanda wa tatu, mfupi, unaoiunganisha ile miwili mgongoni, na huo mpigaji hawezi kuufunga peke yake akishaivaa. Miaka yote alikuwa akiufunga kwanza, kisha anajipenyeza ndani kama mtu anayevaa fulana ya mdogo wake. Sasa naufunga mimi. Nasimama nyuma yake, naufunga, nampiga kidogo begani, na hapo ndipo anaanza.

"Hakuna mtu aliyewahi kunifunga," alisema leo.

"Ngoja uzoee," nikasema, "utaomba kufunguliwa."

Jumamosi, 9 Machi

Kazi mpya. Mwalimu wa Kwaya ameleta kitambaa cha majoho. Mtaa mzima unamwogopa mama huyu. Mwaka jana alinirudishia sketi kwa sababu ya uzi mmoja uliochungulia kwenye pindo. "Mimi siangalii nguo," aliniambia, "naangalia mishono."

Anajuana na mume wangu kuliko mimi. Mume wangu ndiye anayeipigia kwaya. Kabla ya kila wimbo Mwalimu huinua mkono na kusema, "Kodiani, nipe sauti," naye humpa sauti moja tu, na kwaya yote huanzia hapo. Asipopewa, mkono haushuki. Leo alitutazama wote wawili, akasema, "Basi majoho na sauti nitavipata nyumba moja. Nikichelewa nitajua wa kulaumu."

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Nepi hazikauki.

Ijumaa, 15 Machi

Dari inavuja kwenye kona. Nimeweka beseni, mume wangu ameweka kitambaa ndani ya beseni ili tone lisilie. "Liko katikati ya sauti mbili," alisema, "halijui liwe ipi." Tumecheka sana.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Ametia pamba kwenye bawaba za kabati, kwenye mfuniko wa birika na chini ya miguu ya kitanda. Kifaranga anapenda kuichomoa. Mume wangu anairudisha bila kukasirika.

Alhamisi, 21 Machi

Ameifungua kodiani mezani. Sikuwahi kuliona tumbo lake. Ndani kuna vibati vyembamba vya chuma, vimepangwa safu kwa safu na kushikizwa kwa nta, kila kibati na sauti yake. Upepo ukipita, kibati kinatetemeka, sauti inatoka. Kikiwa hakiko sawa anakikwangua kwa tupa ndogo kama ya kucha, kidogo kidogo, mpaka kikubali.

Leo hakukwangua. Alikitoa kimoja, akakitia kwenye chupa ya jamu.

"Kimeharibika?"

"Hapana. Kinasema jina langu."

"Kinalisemaje?"

Akafikiri. "Kama mtu anayejua kwamba nipo ndani na mimi sitaki kufungua."

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu katika kicheko hicho.

Jumapili, 24 Machi

Hakwenda kwaya. Chupani viko vibati vingi sasa.

Mchana mpiga ngoma akaja kubisha. Mume wangu alikaa chini nyuma ya mlango, viganja masikioni, akinitikisia kichwa: hapana, hapana. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa hivyo. Nikafungua kidogo, nikasimama kwenye upenyo, nikasema ana tetekuwanga, imemjaa mwili mzima. Uongo ulitoka laini kama uzi wenye mafuta.

"Mzee mzima na ugonjwa wa watoto," akasema mpiga ngoma. "Pole, shemeji. Hakikisha anameza vidonge vyake."

"Vidonge atapewa," nikasema, nikidhani ni vya homa.

Dada alipopiga simu nikamwambia yale yale. Kwa mimba yake hawezi kukanyaga hapa. "Basi kaeni huko huko na vipele vyenu," akasema. "Nitakuona ukikauka."

Mke humsitiri mumewe. Ndivyo nilivyojiambia nilipokuwa nikirudisha komeo.

Jumanne, 26 Machi

Habari zimeenea jengo zima. Mama Mkaa, anayeuzia mkaa wake mlangoni pa chini, amefunga kamba kwenye kikapu ili tusishuke wala wao wasipande. Nateremsha kikapu kutoka dirishani na hela, anatia unga, maziwa, mboga. Majoho yakiwa tayari nayateremsha hivyo hivyo, anampelekea Mwalimu. Watu wema hawa.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu," alipaza sauti kutoka chini leo, ili mtaa mzima usikie hekima yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikamshukuru.

Alhamisi, 28 Machi

Nilikuwa nafuta vumbi sanduku la kodiani. Chini ya kitambaa kuna kopo, na ndani ya kopo kuna vidonge. Kopo limejaa.

Sikupiga kelele. Nililiweka mezani mbele yake.

"Hivi ndivyo alivyovisema mpiga ngoma?"

"Ndivyo."

"Ni vya nini?"

"Vya kichwa. Miaka sita nimevimeza. Nikivimeza naisikia dunia kupitia godoro."

"Uliacha lini?"

Alinishika mkono. Vidole vyake ni virefu na kila siku ni baridi. "Ulipopanda ngazi kuja kwangu. Nilitaka nikusikie wewe vizuri."

Utamfanyaje mtu aliyekupenda namna hiyo? Nilimwomba ameze kimoja mbele yangu. Alikiweka mdomoni. Baadaye nimekikuta kwenye beseni, chini ya kitambaa.

Jumatatu, 1 Aprili

Cherehani imekufa. Mume wangu ameufungua mkanda wake wa kuzungushia gurudumu, sijui ameuficha wapi.

Anasema kuna mtu chini, kwenye chumba changu cha zamani. Nikikanyaga, naye anakanyaga. Nikisimama, anasimama. Nikamwambia chumba kile hakijapata mpangaji, mwenye nyumba anasubiri mvua ikate apake rangi.

"Anakuiga," akasema. "Anataka nidhani ni wewe."

Nilikaa nikaitazama cherehani. Mchezo ule ule uliotukutanisha. Sasa umepata mtu wa tatu.

Namalizia majoho kwa mkono. Mshono wa mkono hauna sauti.

Jumatano, 3 Aprili

Simu yangu imetolewa betri. Betri iko kwenye chupa ya jamu pamoja na vibati. Mlango ameufunga kwa ufunguo, na ufunguo ameuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya shati.

"Mpaka mvua ikate," akasema kwa upole, kama anayenifunika shuka.

Choo kiko ndani, jiko liko ndani, kikapu kiko dirishani. Mtu anaweza kukaa humu mwaka mzima na asikose kitu.

Ijumaa, 5 Aprili

Amesikia kalamu. Alikuwa upande wa pili wa chumba, akageuka: "Nani anakwaruza?" Nikasema ni mimi, naandika vipimo. Akaja, akaona shingo, kifua, kiuno, urefu wa mkono, akarudi.

Sasa naandika kwa penseli laini ya kuchorea nguo, Kifaranga akilala.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeelewa jambo la dirisha. Kila ninaposhusha kikapu, yeye humchukua mtoto. Simwoni akinyoosha mkono, naona tu kwamba mtoto si wangu tena. Anasimama kando ya pazia, Kifaranga kifuani mwake ndani ya koti, dirisha likiwa wazi, ghorofa ya tatu. Anamfuta mate. Anamwimbia puani.

Hajawahi kusema, ukiita watu nitafanya hivi. Hana haja.

Leo Mama Mkaa aliuliza, "Mnaendeleaje?" Nikasema, "Tunaendelea."

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mvua. Nimesuka nywele, nimezifumua, nimezisuka.

Alhamisi, 11 Aprili

Lazima niandike haya polepole.

Kifaranga anaota jino. Amelia tangu asubuhi, kilio kile chembamba kisichobembelezeka. Nilikuwa jikoni namchemshia uji. Kilio kikakatika ghafla, na mama yeyote anajua ukimya wa namna hiyo si wa usingizi.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amempakata mezani, pale anapoitengenezea kodiani. Kidole kimoja kimemfungua mdomo. Mkono mwingine una tupa.

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Uso wake ulikuwa ule ule anaokuwa nao akikifanyia kazi kibati, uso nilioupenda, wa mtu anayetaka kitu kiwe sawa.

"Iko juu kidogo tu," akaniambia. "Sauti yake. Kidogo sana. Ndiyo maana wanatusikia."

Miguu ilitaka kuruka. Nikaizuia. Nikatembea kama mtu anayekwenda kuzima taa, nikasema, "Mume wangu, nta haijapoa. Huwezi kukwangua kitu nta ikiwa na moto."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nimemsikia akijisemea hivyo mara nyingi anapofanya kazi.

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Umejuaje?"

"Nimeishi na wewe."

Akaitia tupa kwenye mfuko wa shati. "Basi mpaka ipoe." Akanipa mtoto. Nimemchungulia mdomo mzima kwa mwanga wa dirisha, hana mchubuko. Ufizi umevimba, jino linang'aa kama punje ya mchele.

Halafu akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwangu karibu na miguu ya mtoto, akalia. Anasema anajua kuna kitu hakiko sawa, ila hajui kama kiko ndani yake au nje. Nilimpapasa kichwa. Nampenda, Mungu ananiona. Lakini nilikuwa nampapasa huku natazama kamba shingoni mwake.

Nta itapoa. Inabidi nitoke kabla haijapoa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimewaza mtu mmoja mmoja. Dada hatakuja, nilimkataza mwenyewe. Mpiga ngoma hatakuja, anangoja vipele vikauke. Mama Mkaa anatia mboga, anakwenda zake. Huu mlango ameufunga yeye, lakini watu wa kuufungua nimewafukuza mimi, mmoja baada ya mwingine, kwa ulimi wangu.

Siwezi kutia barua. Kila kinachoshuka anakipekua. Joho analikunjua, anapapasa mifuko, anaweka kitambaa sikioni, kisha analikunja tena vizuri na kunipa. Sauti anazijua zote. Mishono haijui.

Nimebakiwa na joho moja. Na namjua mtu mmoja ambaye tetekuwanga haitamzuia, wala mvua, wala ngazi, ikiwa nguo yake ina kosa.

Nimelishona shingo. Pindo kwa pindo, mshono wa kujificha, mzuri kuliko wote niliowahi kushona, mpaka tundu la kichwa likafungika. Nikashona na mikono, ncha zote mbili. Joho lisilo na pa kuingilia wala pa kutokea. Nikalikunja kola ikiwa ndani.

Alilisikiliza kwa muda mrefu. Akasema, "Zuri. Liko kimya."

Likashuka.

Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna mtu aliyekuja. Asubuhi mume wangu alikibonyeza kwa kidole kipande cha nta mezani kuona kama kimeganda.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika nikiwa kwa dada, sebuleni, watu wakipita.

Jana, muda wa chai ya saa nne, nilisikia viatu kwenye ngazi. Si viatu vya mtu anayekuja kutazama mgonjwa. Alikuwa anapanda kwa hasira.

Mume wangu akamnyanyua Kifaranga papo hapo, akamtia ndani ya koti, akarudi nyuma mpaka dirishani. Tupa ilikuwa mfukoni. Mlango ukagongwa.

"Nani ameshona hili?" Hakusema hodi. "Nimeaibika mbele ya watu. Mwanakwaya wangu kaingiza kichwa, kichwa hakina pa kutokea, anatapatapa kama kuku ndani ya gunia. Fungua."

Mume wangu akanong'ona, "Mwambie aondoke."

"Mwalimu," nikasema, "humu mna tetekuwanga."

"Nimeiugua kabla mama yako hajavunja ungo. Fungua nikuoneshe ulichofanya."

"Mwambie."

"Siwezi kufungua, Mwalimu. Mtoto amebebwa."

Nilisikia kitambaa kikigeuzwageuzwa upande wa pili wa mlango. Alipozungumza tena, hasira ilikuwa imemtoka. Alisema taratibu, kama anayeyahesabu maneno yake:

"Binti. Mshono huu ni safi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hakuna uzi hata mmoja uliopotea. Huku hakujakosewa."

Mume wangu alikuwa ananitazama mdomo. "Hakujakosewa, Mwalimu," nikasema. "Ndivyo lilivyoshonwa."

Niliomba asikimbilie watu, maana viatu vikishuka kwa haraka ngazini, na yeye amesimama dirishani, sijui. Hakukimbia. Nilisikia akikaa chini kwenye ngazi, akikohoa, kama mtu aliyefika kwake.

"Kodiani," akasema. "Upo?"

Mume wangu akanitikisia kichwa: hapana.

"Najua upo, nakusikia unavyovuta pumzi. Jumapili nne nimesimama mbele ya watu mkono juu kama mwizi aliyekamatwa, sina pa kuanzia. Nipe sauti."

Nikaona uso wa mume wangu ukibadilika. Aliangalia mezani, kodiani ilipokuwa. "Zimekwisha," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita kumjibu mtu wa nje.

"Zote?"

"Imebaki moja."

"Moja inanitosha. Lini nilikuomba mbili?"

Alisimama pale. Nilimwona anaiangalia kodiani, anamwangalia mtoto aliye kifuani, mahali pale pale kodiani inapokaa, nikaona akitafuta namna ya kuvibeba vyote, namna ambayo haipo. Sikunyoosha mkono. Nilijibana mbavu.

"Nangoja," akasema Mwalimu.

Mume wangu akaja, akanipa mtoto. "Mshike kidogo," akasema, kama anayenipa sahani.

Kifaranga alikuwa na joto na nepi imelowa. Nikamfunga mgongoni kwa mbeleko, fundo mara mbili. Yeye akapitisha mkono mmoja kwenye mkanda, akapitisha wa pili, akanigeuzia mgongo kama siku ile ya kwanza.

"Nifunge."

Nikaenda nyuma yake. Niliushika ule mkanda mfupi, nikauvuta kupita tundu letu la kila siku, nikauvuta mpaka tundu la mwisho kabisa ambalo halijawahi kutumika, mabega yake yakarudi nyuma. Hakuuliza. Kamba ya ufunguo ilikuwa inaonekana juu ya kola. Mkasi wangu wa nyuzi huwa unaning'inia kiunoni, hata yeye ameacha kuuona.

Nikampiga begani.

Akavuta mvukuto. Sauti ilikuwa moja, ya chini, nzima, nzuri mno. Ilijaza kile chumba kilichotiwa pamba kila mahali. Na nje, Mwalimu akaipokea kwa mdomo wake, akaishika. Ndani ya sauti hiyo nikakata kamba. Majira yote haya ya mvua alikuwa anasikia hata tone likifikiri, lakini mkasi ule hakuusikia.

Ufunguo ulikuwa wa moto, umekaa na ngozi yake.

Alichosikia ni kitasa. Mvukuto ukasimama. Alijaribu kugeuka na kutoa mkono, mkono haukutoka, akajaribu mwingine. Mtu aliyefungwa hivyo anaweza kujitoa, lakini anahitaji muda, na muda ndio niliotaka.

"Umenifunga," akasema.

Mlango ulikuwa wazi, Mwalimu yuko kwenye ngazi na joho mapajani, Kifaranga yuko mgongoni kwangu. Ningeweza kuondoka bila kujibu.

"Nimekufunga, mume wangu. Kaa kitini. Usimwache Mwalimu peke yake kwenye sauti."

Na alikaa. Alipiga ile sauti moja, na yule mama, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, alimwambia kutoka mlangoni, "Hapo hapo, Kodiani. Hapo hapo. Usishuke." Waliishika wote wawili mpaka Mama Mkaa, niliyemwita kutoka ngazini, alipomleta mpiga ngoma, na mpiga ngoma akaja na watu wa hospitali. Walipomfungua mkanda alikuwa ameloa jasho mwili mzima. Aliniambia, "Waambie hiki kilichobaki wasikitoe."

Ijumaa, 19 Aprili

Dada hajanisema. Ameniandalia maji ya kuoga, amemchukua mtoto, na mlangoni akageuka: "Siku nyingine ukiniambia una ugonjwa wa kuambukiza, nitakuja na mimba yangu na shoka."

Silali chumba kilichofungwa. Silali pia kikiwa wazi.

Jumamosi, 27 Aprili

Manyunyu. Mpiga ngoma ameleta cherehani, na mkanda wake, umekutwa ndani ya godoro. Nilipokanyaga mara ya kwanza nilisimama kusikiliza kama kuna anayesimama. Hakuna.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imekata. Leo nimekwenda hospitalini kumwona mume wangu.

Amenenepa kidogo na anatembea kama anayeingia kwenye maji. Tulikaa bustanini. Muuguzi humruhusu kukaa na kodiani mchana, naye akiwa karibu. Chupa ya jamu nilimpelekea kupitia kwa mpiga ngoma, na ameshavirudisha vibati vinne, kimoja kimoja, kwa nta.

"Hukuja naye," akasema.

"Sikuja naye. Na sitakuja naye kwa sasa."

"Sawa."

Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, kabla sijamtazama sana nikashindwa. Kwamba sirudi kwenye kile chumba. Kwamba nitakuja kila Jumamosi. Kwamba nimeacha kusema uongo kwa ajili yake, nimewaambia watu wote anaumwa nini, na jengo halikuanguka. "Na nikisikia umeacha vidonge ili unisikie vizuri," nikasema, "hutanisikia tena."

"Unajua sasa hivi nakusikiaje?"

"Kupitia godoro."

"Ndiyo."

"Basi nitasema kwa nguvu."

Akacheka, kile kicheko cha kwenye ngazi, lakini kimechelewa kidogo kufika. Halafu akaivaa kodiani, mkono mmoja, mkono wa pili, akanigeuzia mgongo.

Nikasimama nyuma yake. Muuguzi alikuwa anatutazama. Niliufunga mkanda kwenye tundu la zamani, lile la siku za kwanza. Lakini kabla sijampiga begani, vidole vyangu vikaingia vyenyewe ndani ya kola ya shati lake, vikatafuta kamba. Sikuvituma.

Hakukuwa na kitu, ngozi tu. Yeye alihisi. Hakugeuka wala hakuuliza. Aliinamisha kichwa kidogo, akaniachia shingo yake, nitafute mpaka niridhike.

Nikatafuta mpaka nikaridhika. Kisha nikampiga begani.